Siji Norway Mwezi wa Sita

Wakesho,

Hali yako sikuulizi, naisikia kutoka hapa jikoni. Unaburura sanduku huko juu, unalifunga, unalifungua, unalifunga tena, na kila ukipita kwenye ngazi unakanyaga ili usikike. Umesikika. Mimi nami tangu asubuhi nafunga kabati za vyombo kwa kishindo ili unisikie. Tumenuniana hivi tangu jana tulipotoka kanisani, na kesho jioni unapanda ndege. Nimeona heri niandike, kwa sababu nikifungua mdomo nitafoka, na wewe utanijibu kwa Kiingereza chako cha mbio kinachonifanya nisahau nilichotaka kusema. Barua hii nitakupa mkononi uwanja wa ndege. Utaisomea huko juu angani, ambako huwezi kushuka kuja kubishana nami.

Najua barua za aina hii watu huziandika usiku wa mwisho, nyumba ikiwa kimya. Usiku wa leo hapa hapatakuwa kimya. Akina mama wa kanisa wanakuja kukuombea, watakuja na masufuria yao, wataimba, watalia, watapiga picha. Kwa hiyo naandika sasa hivi, mchana, nyama ya pilau ikichemka, na karatasi ikipata doa usishangae.

Usitafute humu maneno ya soksi na fulana za sufu. Umezaliwa kwenye theluji, unajua kuvaa. Wala sitakwambia uombe kabla ya kulala, uweke akiba, uchague marafiki. Hayo utayapata usiku wa leo, bure, kutoka kwa kila atakayekukumbatia. Mimi nina jambo moja tu, na nitalisema nikiwa nimekasirika kwa sababu ndivyo nilivyo.

Turudi jana. Mchungaji alimaliza kukuwekea mikono, tukatoka kwenda kunywa chai, na Mama Kevin, ambaye hawezi kushika kikombe bila kuuliza swali, akaniuliza, "Na wewe Mama Wakesho, utaenda lini kumwona msichana huko Norway?" Sikuwa hata nimemeza mandazi. Ukanijibia wewe. Wewe ambaye tangu utoto nakusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, jana ndiyo siku uliyoamua kujitahidi: "Nimemwambia Mum akuje June. That's the best season. Winter asikuje, hakuna kitu ya kuona."

Wote wakaafiki. Mama Kevin akasema, "Eeh, June iko sawa, hata sisi wazee wetu tunawaletanga July." Wakacheka, wakaongeza chai. Mimi nikaweka kikombe chini nikaenda kuwasha gari.

Garini ukaniuliza, "Mum, what did I do? I just said June." Baba yako akasema, "Mwache mtoto, Juni kuna joto." Kwa baba yako jambo lolote likishakuwa na joto limekwisha. Nikanyamaza mpaka nyumbani, hapa Downsview. Sikunyamaza kwa busara. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshika usukani, na ningegeuka kukujibu tungeishia kwenye nguzo ya taa.

Hakuna kitu ya kuona. Hivi, Wakesho, wewe hutakuwepo? Utakuwa umeenda wapi huo mwezi wa kwanza, hata mama yako akija asione kitu?

Jioni ukanitumia ule ukurasa wa watalii kwenye simu, bila neno lolote, ukaniletea shahidi. Nimeusoma wote. Nimeurudia ili hasira ikolee. Unasema kuanzia mwisho wa Mei mpaka Julai, huko kaskazini unakokwenda, jua halizami kabisa, watu wanapanda milima saa za kulala wakiwa wamevaa miwani ya jua. Unasema Septemba majani ni mekundu na wageni wamepungua. Unasema Desemba inawafaa wapenda taa, za madirishani na zile za kijani zinazocheza angani. Unasema Aprili ni tope, tafadhali epuka. Na mwanzo wa mwezi wa kwanza, unasema, jua huwa bado halijarudi, shughuli ni chache, mji umetulia, si wakati unaomfaa mgeni wa mara ya kwanza.

Mgeni! Mimi! Aliyeandika ule ukurasa anakwenda kutazama milima, na kwa habari ya milima nadhani amesema kweli, sina ugomvi naye. Mimi naenda kutazama mtu. Mtu ana majira yake, na hayo hukuyaweka kwenye simu yangu.

Ngoja nikwambie kuhusu ugonjwa wetu wa Julai, maana wewe ulizaliwa ndani yake ukadhani ni adabu. Sisi tuliotoka Kenya tukaja hapa tuna sheria moja ambayo hakuna aliyeipitisha na wote tunaifuata: mzee wa nyumbani haletwi Toronto ila Julai. Anapokelewa uwanja wa ndege na watu waliovaa mikono mifupi. Makoti mazito yameshashushwa stoo, koleo la theluji limesukumwa nyuma ya makopo ya rangi. Mzee anapelekwa Niagara, analowana, anacheka. Anachomewa nyama bustanini. Anapelekwa Richmond Hill kwa yule mmoja wetu mwenye nyumba kubwa, anapigwa picha mbele ya mlango usio wetu. Kabla majani hayajaanza kuanguka ameshasindikizwa, masanduku yamejaa, na akifika kwao anahubiri Canada mpaka majirani wanachoka. Sisi huku tunashusha pumzi na kupandisha makoti. Tunajiita watoto wema. Tumewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa wazazi wetu wenyewe, halafu tunalalamika kwamba wakiwa kwenye simu hawatuelewi.

Nyanya yako alikuwa mzazi wa Julai. Jinsi alivyokuwa mzazi wa Julai hujawahi kusikia, kwa sababu sijawahi kumsimulia mtu.

Wewe ulizaliwa Januari. Kwetu mwanamke akijifungua mama yake huja, na hasubiri kadi ya mwaliko. Anakuja na unga wa uji na kanga zake, anamkanda kwa maji moto, anamlazimisha kula, anambeba mtoto ili mwenzake alale. Nyanya yako alikuwa tayari. Viza alikuwa nayo, kanisani Wundanyi alikuwa ameshaaga. Na usifikiri ni mtu wa kutishwa na baridi. Wundanyi ni milimani, mwezi wa saba ukungu unaingia mpaka jikoni na watu wanalala na masweta. Mimi nikampigia simu nikamwambia, "Mama, usije sasa. Kuna theluji, utateleza, utapata nimonia. Njoo Julai, ndiyo wakati mzuri." Maneno yako ya jana ni yangu. Mimi ndiye niliyeanza kuyatumia katika ukoo huu.

Nikiulizwa kanisani husema nilimhurumia. Sikumhurumia, niliona haya. Tulikuwa tunakaa chumba cha chini ya ardhi ambacho dirisha lake lilikuwa usawa wa viatu vya watu. Baba yako alikuwa akipakia malori usiku kwenye ghala na kulala mchana. Mimi niliyekuwa mwalimu kule Kenya nilikuwa nasafisha ofisi za watu, mpaka tumbo lilipokua wakaniambia nipumzike, na kupumzika kwenyewe hakukuwa na mwisho. Nyumbani nilikuwa nimeandika kwamba tuko vizuri. Nilitaka mama aje anikute vizuri. Nikajikaza kisabuni.

Nikakuzaa. Mwanzoni nikadhani ni uchovu. Halafu nikaacha kuoga. Nikawa nakunyonyesha nikitazama ukuta, na kuna wakati sikuwa na hakika ni nani anayenyonya. Baba yako akienda kazini nilikuchukua mpaka chumba cha kufulia nguo cha lile jengo, nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mashine ya kukaushia. Palikuwa na joto, na mashine ikizunguka hakuna aliyetusikia tukilia, wewe na mimi. Wakati mwingine nilitia sarafu ikazunguka bila nguo. Akina mama wa kanisa walikuja Aprili, na keki yenye krimu ya waridi, wakasema walikuwa wakingoja barabara zikauke. Nikawaambia karibuni. Nilikuwa nimeshatambaa kutoka kule nilikokuwa, peke yangu. Mpaka leo nikiona krimu ya waridi najisikia kumtupia mtu.

Julai nyanya yako akaja. Tulikuwa tumehamia ghorofa ya juu ya jengo lile lile, tuna dirisha la kweli. Nilikuwa nimenenepa, nimesuka. Nikampeleka Niagara, akafurahi mpaka nikaumia moyo. Akakaa, akakubeba mgongoni, akaondoka. Januari iliyofuata ile hali ilipoanza kuninyemelea tena nikampigia simu nikalia. Akasema, "Nchi nzuri vile, maua mazuri vile. Jikaze, mwanangu." Nikakata simu. Nilimchukia mama yangu, Wakesho. Miaka mingi nikawa nampigia simu za heshima tu, za kuuliza mbuzi na kwaya, na moyoni nikimwambia, wewe hujui kitu.

Hujui kitu! Na aliyemficha ni nani?

Sasa tuje kwako, na hapa hakikisha umefunga mkanda.

Najua kuhusu Februari ya Thunder Bay.

Nimejua tangu mwaka ule ule. Hukuniambia, nami sikukuuliza, tukaishi hivyo katika nyumba moja kila likizo tukipitishiana chumvi. Ulikuwa mwaka wa pili chuoni huko. Nilikuwa nimepika chapati, nimezifunga kwenye foili, nimeomba ruhusa kazini, baba yako ameshanikatia tikiti ya basi. Ukapiga simu, sauti nyepesi, nyepesi mno: "Mum, the roads are bad. Come in May, the lake is so pretty in May." Nami nikafurahi. Nikajisemea, mtoto wangu ana akili, anamhurumia mama yake. Nikatia chapati kwenye friza. Mimi niliyekalia sakafu ya chumba cha kufulia nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwako, nikayaita akili.

Mei nikaja na chapati zile. Ziwa lilikuwa zuri kweli. Ulikuwa umepaka wanja, ukacheka kila nilichosema, hata kile ambacho hakikuchekesha. Suruali ilikuwa imekupwaya, ukaniambia ndiyo mtindo. Ukaenda kuleta soda, na yule msichana uliyekuwa ukikaa naye chumba kimoja akanisogelea akaniambia polepole, "I'm so glad you came. She's eating again." Again. Nikamuuliza kidogo, naye akadhani najua, akanieleza yote. Pazia zilizofungwa. Masomo uliyokosa. Jinsi ulivyokuwa hutoki kitandani ila kwenda chooni, na yeye akikuletea supu na kukaa pale mpaka uinywe. Mtoto wa watu, asiye ndugu. Mama yake popote alipo Mungu ambariki. Mama yako alikuwa Downsview, na chapati kwenye friza.

Ukarudi na soda, nikaipokea, nikatabasamu. Niliogopa kwamba nikilitaja litarudi. Hiyo ndiyo hekima niliyokuwa nayo. Nilikukasirikia njia nzima ya kurudi, basi likipita misitu isiyoisha, na nilipofika nyumbani nikamgombeza baba yako kwa sababu ya sahani. Maskini ya Mungu, mpaka leo hajui sahani ile ilikuwa na kosa gani.

Na sasa katika dunia yote umechagua mahali ambapo jua lenyewe linaaga mwishoni mwa Novemba. Kuna vyuo vya kusomea samaki penye joto. Mtoto wa watu wa milimani, ukoo mzima hakuna anayejua kuogelea, unakwenda kutafuta samaki wa gizani. Sikukatazi. Nilikuona siku uliyokubaliwa, ulivyoruka hapo sebuleni mpaka picha ikaanguka, na sijakuona ukiruka hivyo tangu ulipokuwa mdogo. Ningekuzuia ningekuwa mchawi. Nenda ukasome samaki wako. Lakini nilipokuuliza kuhusu giza ulinipapasa bega ukaniambia, "It's not dark-dark, Mum. It's blue." Ukanipapasa bega! Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, Wakesho, kupapasa bega kwa namna ile ndiyo kazi yangu. Najua hufanywa kwa mtu ambaye hutaki aulize zaidi.

Na usije ukaniambia hasira yangu ni woga. Najua vijana mnavyopenda kusema hivyo. Woga ninao, uko mahali pake, haugusani na hii. Hii ni hasira, na inatosha kuwa hasira.

Wiki iliyopita nilimpigia nyanya yako kumweleza safari yako. Amezeeka, lakini masikio yapo. Akauliza, "Ni huko kusikotoka jua?" Nikamwambia ndiyo, mwezi mzima na zaidi. "Na wewe utakwenda lini?" Nikajibu bila kufikiri, "Amesema niende Juni, mama. Ndiyo wakati mzuri."

 Akasema, "Aa. Kama mimi."

Nikamuuliza, kama wewe vipi? Akaniambia. Kumbe ile Julai, siku moja tukiwa kazini, alikuchukua mkashuka wote stoo kutafuta ndoo, akakuta makoti. Akatwaa langu, lile refu, akalivaa. Akasimama nalo pale jasho likimtoka. "Nikasema, mtoto wangu anatembea njiani amevaa godoro, na hakuniambia," akasema. "Nikajua mmenificha nchi. Nikalirudisha kwenye msumari wake, nikapanda juu kuwapikia."

Mimi nimeshapandwa na mori. Nikamuuliza, kama ulijua, kwa nini hukusema? Na kwa nini nilipokulilia uliniambia habari za maua? Akanijibu kwa ukali ambao sijausikia tangu nikiwa msichana wa shule: "Ulinionyesha maua, nikakutajia maua! Ulitaka nikutajie nini? Ulijifungua ukaniambia nisije. Nilikaa na kanga zangu zimekunjwa sandukuni, watu wa kanisa wananiuliza kwani umegombana na binti yako. Niliwaambia kuna theluji. Mtu akikwambia usije, utajialika?"

Miaka yote nilijua kwamba mimi ndiye niliyekasirika. Haikunipitia kichwani kwamba yule mwanamke naye amekaa kule kilimani na hasira yake, kubwa kama yangu, akiniuliza habari za watoto kwa heshima.

Nikamwambia aje. Nikamwambia, mama, njoo Januari hii, nitakununulia koti, nitakuonyesha kila kitu, mpaka kile chumba cha kufulia nguo. Akacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Kwa magoti haya? Ngazi za kanisa tu nashikiliwa. Wakati wangu wa kuja ulikuwa ule." Nikalia, akalia, tukalaumiana tena kidogo, tukaagana. Kwa hiyo sasa unajua kwa nini jana niliacha chai yangu. Nyanya yako alikuwa na majira mazuri mamoja tu ya kuja Canada, nayo yalikuwa Januari uliyozaliwa. Mimi nikamwambia hayafai.

Basi nami nimechagua majira yangu. Juni siji. Juni utakuwa mzima, jua mchana na usiku, utanipandisha milima na kunionyesha samaki, nitarudi Toronto nikihubiri. Septemba siji, utakuwa bado mpya na unajisifu. Desemba siji, kwa sababu Krismasi kila mtu anajua kujifanya, na utanipanga na watalii tutazame taa za angani tukitetemeka. Wala siji ile siku ya jua kurudi, ambayo ukurasa wako umeisifu sana, watoto wanatolewa madarasani na mji mzima unakula maandazi ya jamu. Siji kwa ajili ya maandazi. Nakuja kabla ya maandazi. Nakuja sikukuu zikishaisha, watu wamerudi kazini, jua halipo, na wewe umechoka kumwonyesha mtu chochote.

Kazini nimeshaomba ruhusa. Mwezi wa kwanza hawakunyimi, maana wenzangu wote wanaitaka Julai. Msimamizi akaniuliza ni nchi gani ya joto ninayokimbilia. Nikamwambia sikimbilii joto. Akanitazama kama anayefikiri nimechanganyikiwa, akatia sahihi.

Usinisafishie nyumba. Usinipikie. Usioshe nywele kwa ajili yangu. Nikikukuta umejifunika mpaka kichwani, nitavua viatu nitaingia upande wa pili wa kitanda, na hatutaongea mpaka utake. Nikikukuta mzima, unacheka, umezungukwa na marafiki, nitakaa kitini kwako ninywe kahawa yao chungu nikiwa nimenuna, na nitakuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Nitaitazama hiyo bluu yako. Huenda ni nzuri kweli. Sijakataa kwamba ni nzuri, nimekataa kuambiwa.

Na kabla sijaja, Novemba jua likianza kukuaga, unipigie uniambie vile ulivyo, hata kwa Kiingereza, hata kwa kunitukana. Sitakutajia maua. Sitakwambia ujikaze. Neno hilo nimelitoa kinywani mwangu, na kama litaniponyoka una ruhusa ya kukata simu kisha unipigie tena. Sitaki uniahidi. Wewe na mimi na nyanya yako tunajua kuahidi vizuri mno, na tazama kulipotufikisha.

Ukisoma hii utakasirika. Kasirika. Utasema wewe ni mtu mzima, una haki ya kuchagua ni nani aje kwako na aje lini. Haki hiyo unayo. Nyanya yako aliheshimu haki yangu, akabaki Wundanyi na kanga zake, mimi nikabaki sakafuni na wewe mapajani. Sina adabu ya nyanya yako. Mwezi wa kwanza nitagonga mlango wako, na usipofungua nitakaa hapo ngazini mpaka jua litoke. Wewe ndiye unayejua huko litatoka lini.

Mama yako,
ambaye bado amekasirika.